Uyoga wa Nambari Saba

Ijumaa moja ya mwezi wa sita, kabla jua halijapasha mabati, Émerance alikuwa amechutama uani kwake, mtaa wa Bel-Air, akipanga samaki wakavu wa Kilwa ya ziwani, si ile ya pwani, ndani ya kikapu, wadogo chini na wakubwa juu, kama wafanyavyo wauzaji wote wenye akili. Upande wa pili wa ukuta aliwasikia watu wakicheka. Alipanda juu ya tofali, akachungulia. Jirani yake Simone alikuwa anavuka ua kwenda bombani na ndoo mkononi, na nyuma yake, kila alipoinua mguu, uyoga ulikuwa unaota katika unyayo.

Ulikuwa ule uyoga mweupe wenye doa la kahawia kichwani, ambao Lubumbashi huitwa bowa, na hutoka kwenye vichuguu mwezi wa kumi na mbili, mvua zikishakolea. Mwezi wa sita hakuna mvua, kuna baridi na vumbi jekundu tu. Gaëlle, binti wa Simone, alikuwa akimfuata mama yake na beseni, akiukata kwa kisu ili mashina yasije na udongo.

“Mama Simone,” Émerance aliita, “ile bowa yote mutaikula?”

“Ingine tutaikula, ingine Gaëlle ataiuzisha ku soko,” Simone alijibu bila kusimama. “Nilipigia docteur. Anasema tusiogope, ni dawa njo inafanya vile.”

Émerance alisema ni vizuri. Alishuka kwenye tofali, akageuka kuzitazama nyayo zake mwenyewe, kutoka mlango wa jiko mpaka kwenye kikapu. Zilikuwa nyayo za ndara katika vumbi, basi. Aliingia jikoni, akatoka tena, safari hii peku. Alingoja kidogo. Kisha akamalizia kupanga samaki.

Émerance hakuwa mtu mbaya. Ukipungukiwa na chumvi alikupa, ukifiwa alikuja siku ya kwanza na kuondoka siku ya mwisho. Ila alikuwa na Simone. Walikuwa wamekaa ukuta kwa ukuta kwa miaka ishirini na miwili. Simone, ambaye wazazi wake walitoka Kasai, aliuza vitenge. Émerance aliuza samaki. Na kila kilichoingia katika ua mmoja kilipimwa kwa macho katika ua wa pili. Simone alipoweka lango la chuma, Émerance aliweka la chuma lenye simba wawili. Mtoto wa kiume wa Simone alipopata shahada ya sheria, Émerance alikaa miezi minne bila kumsalimia, akisingizia kwamba macho yanamsumbua. Na mwaka uliopita, Simone alipogundua uvimbe katika titi la kushoto, Émerance alikwenda kumpa pole na samaki wanne wazuri, akarudi nyumbani, akajipapasa, akakuta wa kwake katika titi la kulia. Ulikuwa mkubwa kuliko wa Simone. Kwa muda mfupi sana, kabla woga haujamshika, aliona amemzidi.

Hospitalini kulikuwa na dawa mbili za saratani, na zote mbili zilikuwa zimekwisha. Ndipo ulipokuja utafiti. Kampuni moja ya Ulaya ilitaka kujua kama dawa yake mpya inafanya kazi, na Daktari Adrien, kijana mpole mwenye kalamu nne mfukoni, aliwakusanya wagonjwa mbele ya wodi ili awaeleze. Nusu yao watapewa dawa, alisema, na nusu maji ya chumvi. Mifuko yote ya dripu imefungwa kwa plastiki nyeusi.

“Na weye docteur, utajua nani anapata nini?” aliuliza mmoja.

“Hapana, mama. Miye sijue, infirmière wa kupiga sindano hajue, na weye haujue. Machine ya kule Bulaya njo inachagua. Hivi bote banatendewa sawasawa.”

Kwenye benchi la saruji kila mtu alikuwa na neno lake. Mwanamke mmoja alisema yeye hawezi kuwa panya wa Wazungu, akafunga kitambaa chake vizuri, akaenda zake. Mwingine alisema atasaini, maana kupimwa damu tu ni jambo, na huko nyumbani hapimwi na yeyote. Mwingine alitaka kwanza kumuuliza mchungaji. Mzee Dédé, mstaafu wa mgodini mwenye uvimbe shingoni, hakuona kuna la kujadili.

“Ku mine nilitumika miaka makumi tatu,” alisema, “banatujaribia kila kintu, hakuna mwenye aliniuliza. Aba banaomba kwanza signature. Iyo ni heshima.”

Émerance alikuwa amekuja na jibu lake tayari, nalo lilikuwa hapana. Kaka yake wa Kilwa alikuwa amemwonya kwa simu kwamba watu wa namna hiyo hutoa damu nyingi kuliko wanayoandika. Alisogea mezani ili alitamke jibu hilo kwa adabu. Juu ya meza palikuwa na orodha, na kwenye mstari wa saba alikuta yale maandishi ya kishule yenye mikia mirefu aliyoyajua vizuri. Simone alikuwa amekwisha kusaini. Émerance akaomba kalamu, akawa nambari nane.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Mifuko ilianza mwezi wa tano, na uyoga haukuonekana mpaka mwezi wa sita. Mwezi wa sita ulipokwisha, ilijulikana kwamba kati ya wagonjwa kumi na wanane, tisa huotesha uyoga. Uliota siku moja baada ya mfuko, ukaendelea siku tatu au nne, kisha ukapungua mpaka mfuko mwingine baada ya wiki tatu. Haukujali vumbi wala saruji. Kanisani kwao Simone aliombwa akae karibu na mlango, kwa sababu uyoga ulikuwa unainua vigae na wanakwaya walijikwaa. Hospitalini mfagiaji alilalamika mara mbili kwa maandishi. Bango likabandikwa kuwaomba wagonjwa wachume uyoga wao kabla ya kuondoka.

Daktari Adrien alitafuta katika fomu mahali pa kuliandika jambo hilo. Palikuwa na kichefuchefu, kuhara, kunyonyoka nywele na ganzi ya vidole. Akaandika chini kabisa, kwenye “Mengineyo”: uyoga, hafifu, si hatari. Kampuni ilijibu baada ya siku nne, ikiuliza kama unalika. Alijibu kwamba unalika, na kwamba maabara imeupima na haikukuta dawa ndani yake, ni uyoga tu. Kampuni ikamshukuru. Ikaagiza kwamba kuanzia sasa, kila Ijumaa baada ya mfuko, muuguzi apite nyumba kwa nyumba, ahesabu vichwa, na kuandika daftarini.

Kwa hiyo ile siri iliyofungiwa Ulaya ikawa inajulikana na kila muuza mihogo wa mitaa yote ya Kampemba. Mwenye uyoga anapata dawa. Asiye na uyoga anapata maji ya chumvi. Wale wa maji ya chumvi waliendelea kuja, wakatobolewa mshipa, wakakaa saa tatu chini ya mfuko mweusi, kwa kuwa aliyeacha alipoteza hata kipimo cha damu. Wawili kati yao walikwenda kwa Daktari Adrien wakamuuliza kuna maana gani sasa. Aliwaambia kwamba yeye, kirasmi, hajui nani anapata nini. Aliwaambia hivyo mlangoni, akiwa ameinua mguu ili asikanyage uyoga wa Simone.

Émerance hakuuliza kitu. Alimwaga maji uani kila jioni ili udongo ulainike. Alipanda kile kichuguu kikubwa nyuma ya shule, akatembea juu yake peku, huku na huko, huku watoto wa darasa la nne wakimtazama kupitia dirishani. Alijaribu kutembea taratibu, halafu haraka, halafu kwa visigino. Sokoni wenzake walimuuliza, kwa wema kabisa, “Na weye mama, yako?” naye akajibu kwamba wengine huchelewa.

Kila Jumamosi ya baada ya mfuko Simone alimletea sahani ya uyoga uliopikwa kwa karanga. Alipita kwenye lango lenye simba wawili, akaketi, akauliza habari za Faustin, mume wa Émerance, ambaye alikuwa njiani na lori lake kutoka Kilwa, na barabara ile humchukua mtu wiki nzima. Simone alikuwa amenenepa mashavuni. Macho yake yalikuwa meupe tena. Alisema uvimbe umekuwa kama punje ya hindi, akamshika Émerance mkono ili ajaribu kuugusa mwenyewe. Émerance aliugusa. Ulikuwa kweli kama punje ya hindi. Simone alipoondoka, Émerance aliula uyoga wote, akafuta sahani kwa kidole. Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Tuseme tu kama ilivyokuwa: roho ilimuuma. Ilimuuma akila, ilimuuma akiomba, ilimuuma hata pale ambapo titi lenyewe lilikuwa limetulia. Kufa alikuwa amekwisha kukubali kidogo kidogo, kama mtu anavyomkubali mgeni asiyetaka kuondoka. Alichoshindwa kukubali ni kwamba yeye atakufa na Simone atabaki, kwamba Simone atakuja msibani na kitenge kipya, atalia vizuri kuliko wote, na kila atakapokanyaga patatoka chakula.

Mwezi wa saba, Alhamisi ya mfuko, alipotoka hospitalini alipitia sokoni. Hakwenda mwenyewe kwenye meza ya Gaëlle. Alimtuma mwanamke mmoja muuza mihogo, akamwambia anunue beseni dogo la uyoga na asitaje jina. Asubuhi ya Ijumaa aliamka mapema, akamwagia ua maji, akatembea kutoka mlangoni mpaka langoni kwa hatua za kawaida. Kisha alirudi nyuma akiwa amepiga magoti, na katika kila unyayo akachomeka kichwa kimoja cha uyoga, akaukandamiza udongo kwa kidole gumba.

Saa tatu muuguzi, Chancelvie, alifika na daftari lake.

“Ee mama Émerance!” alisema. “Na weye! Félicitations!”

“Imeanza leo,” alisema Émerance.

Chancelvie aliinama akahesabu. Vilikuwa kumi na kimoja. Aliandika kumi na moja mbele ya nambari nane, akatia saini, akamwomba Émerance naye atie. Émerance alitia.

Habari ilivuka ukuta kabla ya chai. Simone alikuja na Gaëlle kumpongeza, wakapiga vigelegele pale pale langoni. Émerance alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, akawaonyesha cha kwanza, cha pili, na kile kikubwa karibu na pipa. Simone aliinama kukitazama kile kikubwa. Kilikuwa kimeegemea upande, na shina lake lilikuwa limekatwa kwa kisu, safi, kama Gaëlle anavyokata. Simone alikigusa pale kilipokatwa. Halafu alikisimamisha vizuri, akakandamiza udongo kwa kidole gumba, akanyoosha mgongo.

“Iko muzuri,” alisema. “Iko muzuri sana, mama Émerance.”

Jumamosi hiyo hakuleta sahani, kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa na wa kwake.

Émerance alifanya hivyo mwezi wa saba, akafanya hivyo mwezi wa nane mara mbili. Ilikuwa miezi mizuri. Wenzake wa sokoni walimsogezea kiti. Faustin alirudi kutoka Kilwa, akala uyoga na ugali wa bukari, akasema mke wake ana bahati, akalala. Kanisani na yeye aliombwa akae karibu na mlango, kwa tahadhari, na alikaa bega kwa bega na Simone, wote wawili wakiwa wamekunja miguu chini ya benchi. Uvimbe wake, ambao haukuwa na habari na mambo ya uyoga, uliendelea kukua. Ulifika kwapani, na akaanza kubeba kikapu kwa mkono wa kushoto.

Mwezi wa tisa kampuni iliandika kwamba imeona ya kutosha. Dawa inafanya kazi. Utafiti umefungwa, shukrani nyingi ziwafikie wagonjwa wa Lubumbashi, na dawa itaanza kuuzwa katika nchi ambazo zilitajwa kwa majina, nazo zilikuwa mbali. Hakuna atakayepewa zaidi. Hata hivyo, katika friji ya hospitali zilikuwa zimebaki dozi kamili saba, ambazo muda wake ulikuwa unakwisha. Kampuni iliruhusu wapewe waliopata maji ya chumvi. Orodha ya siri haitafunguliwa mpaka ripoti iandikwe; daktari ajiongoze kwa daftari la uyoga.

Waliopata maji ya chumvi walikuwa tisa. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Walibaki saba, na dozi zilikuwa saba.

Daftari lilisema ni sita. Chancelvie aliyasoma majina kwenye lile benchi la saruji, akianza na mzee Dédé. Aliposoma la sita alifunga karatasi. Émerance alibaki amekaa, akamngoja aikunjue tena.

“Na miye?” aliuliza.

“Weye ulisha kupata, mama. Iko mu daftari. Kumi na moja, tisa, na kumi na mbili.” Chancelvie alitabasamu kwa sababu aliona ni habari njema.

Émerance aliingia kwa Daktari Adrien bila kubisha mlango. Alimweleza yote: mwanamke wa mihogo, beseni, kidole gumba. Aliyaeleza akiwa amesimama, kwa sauti ya chini, na aibu ilimwingia mwilini kama homa. Daktari alimsikiliza. Hakumkemea. Alifungua daftari, akaonyesha saini mbili, ya Chancelvie na ya kwake.

“Fungua frigo, docteur. Ya saba ni yangu.”

“Mama, kwa karatasi weye uko na dawa mu mwili. Nikikuongezea, nitakuwa nakupatia mara mbili. Assurance, ile bima ya kampuni, inakataza.”

“Basi kuya uone.”

Alivua viatu. Alitoka naye mpaka kwenye kile kiwanja cha mchanga nyuma ya wodi, pale ambapo mfagiaji alikuwa amemwaga maji, akatembea. Alitembea kutoka ukutani mpaka kwenye tangi, akarudi, akatembea tena. Nyayo zake zilikuwa wazi, za mguu wa mtu mzima, na kisigino cha kulia kilizama zaidi. Mfagiaji alisimama akaegemea fagio. Mzee Dédé alikuja na sindano ingali mshipani, amebeba mfuko wake mwenyewe juu ya kichwa, maana dozi yake ilikuwa imekwisha kuanza kuingia. Walingoja robo saa. Hakuna kilichoota.

“Unaona,” alisema Émerance.

“Naona, mama,” alisema Daktari Adrien, naye alikuwa na huzuni ya kweli. “Lakini fomu iko na fasi ya kuandika bowa yenye imeota. Haina na fasi ya bowa yenye haikuota.”

Alimwandikia barua ya kwenda kampuni kwenye kompyuta, ndefu, kwa Kifaransa kizuri, na Émerance alikaa pembeni mpaka akaituma. Kampuni ilijibu baada ya siku nne. Ilisikitika. Takwimu zilikuwa zimefungwa, na taarifa ya mgonjwa kubatilisha saini yake mwenyewe haiwezi kupokelewa baada ya kufungwa. Dozi iliyobaki iharibiwe kulingana na utaratibu. Dozi ya saba ilichomwa tarehe kumi na tano mbele ya mashahidi wawili, na cheti cha kuharibiwa kikatumwa Ulaya siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata mzee Dédé alianza kuotesha uyoga, mdogo mdogo, akawa anawarushia kuku wa jirani. Émerance alimwona akiwarushia kuku. Alikwenda nyumbani, akajifungia, akalia kwa hasira kuliko alivyolia siku ya kuambiwa ana saratani.

Kesho yake alipita lango la Simone. Simone alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Na kwake mambo yalikuwa yamebadilika: hakuna mfuko tena, na uyoga wake ulikuwa umepungua, ukubwa wa kifungo cha shati, mwingine haufungui hata kichwa.

“Ulijua,” alisema Émerance.

“Nilijua. Gaëlle anaikata na kisu yangu, ningekosa kuijua?”

“Juu ya nini haukusema? Ungesema ku docteur, leo ningekuwa na dawa.”

Simone alitoa mguu mmoja majini, akaukausha kwa kitenge, pole pole, kidole kwa kidole.

“Ile siku ulikuwa unacheka,” alisema. “Miaka makumi mbili na mbili sikukuonaka unacheka mbele yangu. Nilisema, mwache. Sikujua kama itafika huku.” Kisha akaongeza: “Na tena nikuambie ukweli yote. Ilinipendeza. Ulinunua kintu yangu, ukaiweka kwako bantu baione. Siku zote nilifikiri unaniona bure.”

Émerance alitaka kumtukana. Alikuwa na matusi ya miaka ishirini na miwili, yamekauka vizuri. Lakini aliuangalia ule mguu wa Simone uliotoka majini, na kile kiuyoga kilichokuwa kinajaribu kutoka chini yake bila kufaulu, na akajikuta anafurahi. Alifurahi kwamba ni kidogo. Furaha hiyo ilimtisha kuliko uvimbe, akaketi kwenye kigoda cha pili.

“Itarudilia?” aliuliza. “Uvimbe yako?”

“Docteur anasema hajue. Anasema ingefaa kuendelea na dawa.”

“Ile ya kuuzisha Bulaya.”

“Ile.”

Walikaa pale mpaka maji yakapoa. Émerance aliyamwaga, kwa kuwa Simone alikuwa mgonjwa, na Simone alimbebea beseni mpaka mlangoni, kwa kuwa Émerance alikuwa mgonjwa zaidi.

Mwezi wa kumi na moja Chancelvie alirudi Bel-Air. Mvua zilikuwa zimeanza, na viatu vyake vilikuwa vizito kwa tope. Hakuwa na daftari la uyoga safari hii. Alikuwa na karatasi za kampuni, maswali kumi kuhusu maoni ya wagonjwa juu ya kushiriki katika tafiti. Alitoka kwa Simone, akaingia kwa Émerance, ambaye alimpokea kitandani, amewekewa mto mgongoni na mkono wa kulia umelazwa juu ya mto mwingine.

Chancelvie alisoma. Je, mshiriki alielezwa vizuri? Ndiyo. Je, alishiriki kwa hiari? Émerance alifikiri kidogo, akasema ndiyo. Je, aliheshimiwa? Ndiyo, docteur ni mtu wa heshima. Swali la nane lilikuwa juu ya madhara, na Émerance alisema hakupata yoyote; Chancelvie alitazama karatasi yake, akaandika: uyoga, hafifu. Swali la kumi lilikuwa hili: utafiti mwingine ukija, utakubali kushiriki?

“Bengine banasema nini?” aliuliza Émerance.

“Mpaka sasa bote banasema ndiyo, mama.”

Émerance alitazama dirishani. Kupitia hapo aliona ukingo wa ukuta na mabati ya Simone yakimwaga maji.

“Andika ndiyo,” alisema. “Lakini andika tena: ile ya Simone njo nataka. Haina ile ya kuchaguliwa na machine. Ile ile banamupatia yeye, na siku ile ile.”

Chancelvie alitafuta mahali pa kuandika hilo. Aligeuza karatasi, akatazama nyuma. Hapakuwapo. Akaweka alama kwenye “Ndiyo”, akaandika tarehe, akatoa mkobani mche mmoja wa sabuni, ambao kampuni iliwazawadia wote waliojibu.

Émerance aliupokea kwa mkono wa kushoto.

“Na Simone, ulimupatia ngapi?”

“Moja, mama. Sawasawa na yako.”

Émerance aliupimapima ule mche kiganjani. Kisha akamwomba Chancelvie arudi ng'ambo ya ukuta akalete wa Simone, ili ahakikishe.